Kalamu Kumi na Mbili za Harufu

Mimi si mtu wa hila, lakini siku ile nilikwenda kliniki nimejipanga kudanganya, na mshirika wangu alikuwa mume wangu wa miaka thelathini na moja.

Sisi ni waokaji wa mikate. Mimi nakanda, yeye hukaa mbele ya tanuri. Saa ya ukutani hatuna, maana mkate ukiiva yeye huusikia kwa pua hata akiwa kibarazani anabishana na wateja. Mtaa mzima unamwita Mzee Pua. Basi mwezi uliopita mikate arobaini ikaungua ikawa makaa. Mzee Pua akasema alikuwa ametoka kidogo. Mimi nilikuwa mezani nyuma ya pazia, hatua nne tu kutoka kwenye tanuri, na sikusikia kitu. Nilikuwa na mafua. Mafua yakaisha, hofu ikabaki. Kila nikisikia harufu ya moshi najiambia haya ni mazoea tu, pua yenyewe imeshakufa.

Binti yetu, ambaye kwa kuamrisha ametuzidi sote, akakata shauri. "Mama, nenda ukapimwe. Ukishindwa, tanuri tunalizima. Sitaki kuwazika nyote wawili kwa mpigo."

Kuzima tanuri! Bora angesema nikatwe mkono.

Asubuhi ile nikivaa, mume wangu akaniambia neno lake la kila siku, "Mke wangu, umenukia." Nikamwambia aache maneno matamu, kuna kazi. Nilikuwa nimeshaulizia kipimo kinavyokwenda: unanusishwa kalamu iliyotiwa harufu badala ya wino, unasomewa majina manne, unachagua moja. Hata kama hujasikia kitu, lazima ubahatishe.

"Utakaa ubavuni kwangu, harufu itakufikia," nikamwelekeza. "Jibu likiwa la kwanza, nikanyage mara moja. La pili, mara mbili."

Akameza mate. "Na nikikosea?"

"Wewe ukosee? Pua ya mtaa mzima?"

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha wazi, hakina hata harufu ya dawa. Mpimaji alikuwa msichana mpole mwenye glavu, na mbele yake kalamu nene kumi na mbili zimelala kwenye kisanduku. Akaifungua ya kwanza, akaipitisha chini ya pua yangu.

"Chungwa, kahawa, ngozi au kitunguu?"

Niliona kama kitunguu. Mguu ukanikanyaga mara moja. Nikasema, "Chungwa." Mimi nani hata nibishane na Mzee Pua?

Tukaenda hivyo hivyo hadi kalamu ya nane. Hiyo ilinirudisha kichwa nyuma, lakini mguu ulikanyaga mara tatu, na jina la tatu lilikuwa waridi. "Waridi," nikasema.

Mpimaji akaifunga kalamu taratibu. "Mama, mdomo unasema waridi, uso unasema samaki. Niamini upi?" Kisha akachungulia chini ya meza. "Baba, naomba utusubiri nje."

Niliona haya, natamani ardhi inimeze. Akazichanganya kalamu, tukaanza upya. Safari hii nilikuwa peke yangu, jasho linanitoka, nataja lile linalonijia kwanza. Alipomaliza akanionyesha karatasi: kumi na moja kati ya kumi na mbili. Nilifurahi nikambusu mkono pamoja na glavu yake.

Nilipofika mlangoni nikasimama. Kama kile kitunguu kilikuwa kitunguu kweli, ule mguu ulikuwa unasema nini?

Nikamkuta kwenye benchi la nje, ameshika kofia kwa mikono miwili. Aliponitazama tu, akajua.

"Mwaka sasa," akasema. "Tangu ile homa iliyonilaza wiki nzima. Sisikii hata moshi. Siku ile ya mikate sikutoka. Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Na mwaka mzima mikate imeivaje?"

"Nahesabu kimoyomoyo. Siku ile mteja alinichekesha, nikapoteza hesabu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniondoa kwenye tanuri. Mzee Pua bila pua ni mzee tu."

Hasira zilinipanda, sifichi. Mwezi mzima nimejilaumu kwa kosa lisilo langu, na yeye ananitazama tu! Nilitaka kumfokea mbele ya wagonjwa wote. Ndipo nikakumbuka jambo.

"Mafuta yangu ya waridi yaliisha tangu mwezi juzi," nikamwambia. "Leo nimeoga kwa sabuni ya kufulia. Sasa uliponiambia nimenukia, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu," akasema. "Lakini harufu yako naijua kwa moyo."

Ile hotuba niliyokuwa nimeiandaa ikanipotea. Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Siku hizi mimi ndiye wa tanuri, yeye ndiye wa kukanda. Anakanda vibaya na anaongea sana. Kila asubuhi bado ananiambia nimenukia, na mimi nimenunua chupa mpya ya mafuta, asije akawa mwongo.