Sokwe Ni Kitenzi

Siku tuliyomzika mdogo wangu, msimamizi wake wa kazi aliomba kusema maneno machache. Alikunja mikono mbele, akatazama viatu vyake, akasema kiwanda chote kimempoteza sokwe wake, na sokwe kama yule hapatikani tena. Wafanyakazi wenzake waliitikia kwa vichwa. Wanawake wawili walilia. Mjomba, kaka yake mama, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini yule mtu ni nani, na kama amekunywa.

Nilimwambia nitamweleza baadaye. Sikumweleza. Mimi si msemaji, na siku ile hata kuitikia salamu kulinishinda. Kwa hiyo naandika hapa, kabla mambo haya hayajaanza kuchanganyika.

Mdogo wangu alifanya kazi katika kiwanda kinachofua shuka na taulo za hoteli. Kazi yake ilikuwa kukunja. Lakini kipaji chake, tangu utotoni, kilikuwa kuigiza watu. Akishamwona mtu mara moja, kesho yake mtu huyo yuko jikoni kwetu analalamika chai haina sukari. Alimwigiza fundi bomba, akamwigiza daktari wa meno, akamwigiza shangazi mbele ya shangazi, na shangazi akauliza huyo mwanamke mwenye kelele ni nani.

Mwaka jana alijiandikisha darasa la Kiingereza la jioni, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinatafuta mtu wa kupokea simu za mahoteli. Jioni moja alirudi na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kwa Kiingereza sokwe si mnyama tu, ni kitenzi. Neno ni “ape”. Ukimwiga mtu, basi umefanya sokwe.

“Dada, wenzetu wana mnyama mzima ananyambulika,” aliniambia. “Sisi tumelala.”

Kesho yake aliliamsha neno letu. Alifika kiwandani akatangaza kwamba kuanzia leo kuiga kunaitwa kusokwea. Kabla ya chakula cha mchana kitenzi kilikuwa kimekamilika: amemsokwea msimamizi, msimamizi amesokwewa, wale wawili wa pasi wanasokweana, na mzee wa stoo ndiye anayesokweka kwa urahisi kuliko wote, maana kutwa anasinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi. Yeye mwenyewe wakamwita Sokwe. Alilipokea jina hilo kama cheo.

Kuna kisa kimoja wanakisimulia wote. Msimamizi hutoa amri kwa kipaza sauti, kwa sababu mashine za kukaushia zina kelele. Siku moja mdogo wangu alikishika kipaza sauti, akasema kwa sauti ya msimamizi kwamba kila mtu aache alichoshika, akapumzike kidogo. Msimamizi alikuwa amesimama uani. Akasikia, akaketi. Alipumzika kabisa, akanyoosha na miguu, ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye yeye.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hivyo ndivyo alivyokufa. Alikuwa amemaliza kukunja taulo, akaketi kwenye kiti cha stoo, kichwa kikaangukia kifuani, mdomo ukawa wazi. Wenzake walicheka. Wakasema leo kamsokwea mzee wa stoo mpaka basi. Mmoja alipiga makofi. Mzee wa stoo mwenyewe aliingia, akasimama kujitazama, naye akacheka. Ilichukua muda kabla hajatokea mtu wa kumgusa. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata wangemgusa mapema isingesaidia. Sijui kama alisema kweli au alituonea huruma. Niliwaambia wenzake maneno ya daktari kama yalivyo.

Baada ya wageni kuondoka tulibaki wawili, mimi na mama. Macho ya mama yameisha, lakini masikio yake yanasikia hata mchwa wakila mlango. Mimi nilirudi kwenye cherehani, kushona mapazia ya watu. Tulikaa hivyo siku nyingi. Yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi na mguu wangu kwenye cherehani. Akiniuliza kitu nilijibu ndiyo au hapana. Maneno mengine yalikuwa hayapandi.

Ndipo asubuhi moja akasema, “Mwanangu, nisikilizishe sauti ya mdogo wako.”

“Hebu ngoja kwanza, mama, nakuja,” nikamwambia, nikaenda kuitafuta simu yangu.

Ujumbe wa sauti ulikuwamo mwingi. Nikaufungua wa kwanza, nikaweka simu karibu na sikio lake. Ilikuwa sauti ya baba mwenye nyumba, inalalamika kwamba tunafungulia bomba kwa fujo. Wa pili ulikuwa wa shangazi. Wa tatu ulikuwa wa mtangazaji wa taarifa ya habari, akieleza kwamba mvua zinatarajiwa nyumbani kwetu tu, hasa kwenye kamba ya nguo. Mama alisikiliza wote kwa adabu.

“Hawa nawajua,” akasema. “Nimekuomba mwanangu.”

“Wote ni yeye, mama.”

“Najua ni yeye. Nataka yeye alipokuwa si mtu mwingine.”

Niliufungua ujumbe wote mpaka wa mwisho. Hakuwemo. Nilikaa na simu mkononi, nikajaribu kumsikia kichwani mwangu, na huko pia alikuja fundi bomba, akaja daktari wa meno, akaja shangazi. Nilimjua mtu huyu tangu alipozaliwa. Mama alikuwa akifagia hospitalini zamu ya usiku na mchana akilala. Mimi ndiye niliyemlea, mimi ndiye niliyemfundisha kusema maji. Na sasa sikuikumbuka sauti yake. Nilishikwa na hofu ambayo hata siku ya mazishi sikuwa nayo. Siku ile tuliuzika mwili. Sauti sikujua imekwenda lini.

Nikakata shauri kwenda kiwandani. Nilifikiri, mtu aliyewaigiza watu wote, lazima atakuwepo mmoja aliyejifunza kumwigiza yeye. Nikimpata, nitamwomba anifuate nyumbani akaseme na mama maneno mawili.

Pale getini kuna kitufe na kispika, mlinzi yuko ndani. Nikabonyeza, nikasalimia, nikasema nimekuja kuonana na watu wa kukunja. Kispika kikakwaruza. Kisha mlinzi akasema, taratibu kabisa, kwamba mzaha wa namna hiyo haufai wakati huu, watu wana majonzi, na nimwambie mwenzangu kipaza sauti hakichezewi. Sikuelewa. Nikabonyeza tena, nikasema, “Hebu ngoja kwanza.” Akazima kabisa. Ilibidi nisubiri gari la taulo litoke ndipo nikapita, na aliponiona kwa macho aliomba radhi mara nyingi kuliko kosa lenyewe.

Ndani nilimkuta mama mmoja mnene anayeitwa Malkia wa Shuka, aliyekuwa akikunja na mdogo wangu. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnavuta, mnakutana katikati kama watu wanaosalimiana. Alinipa pembe za upande wa mdogo wangu. Tukakunja. Nilipomweleza shida yangu aliachia upande wake, shuka ikaanguka chini, ikabidi irudi kufuliwa.

“Samahani,” akasema. “Mikono.”

Akawaita wenzake. Wakasimama mbele yangu na aproni zao, wakaanza kunisaidia kwa moyo mmoja. Wa pasi alifanya jinsi mdogo wangu alivyomfanya msimamizi. Mwingine alifanya jinsi alivyomfanya dereva wa gari la taulo. Malkia wa Shuka alifanya jinsi alivyomfanya Malkia wa Shuka, na alikosea, alikuwa mwembamba mno. Msimamizi mwenyewe alitoka ofisini, akasikiliza habari, akasema kwamba yeye angeweza kumfanya marehemu akimfanya yeye. Alijaribu. Ilikuwa sauti yake ya kila siku. Hakuna aliyecheka, ila mzee wa stoo alisema kwamba imefanana sana.

“Lakini akiwa mwenyewe?” nikauliza. “Akiomba maji, kwa mfano.”

Walitazamana. Malkia wa Shuka alinitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayetaka kuniambia nina uzi begani. Kisha akasema niende kwa yule mwalimu wa Kiingereza. Kule mdogo wangu hakuwa na wa kumwigiza.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Mwalimu ni mama mtu mzima, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alikuwa amegeuka kufuta ubao nilipopiga hodi na kusema, “Mwalimu, shikamoo. Naomba kuingia.”

Hakugeuka. Aliushika ubao kwa mkono ule wenye kifutio.

“Marahaba,” akasema ukutani. “Wewe ndiye dada.”

Nilimuuliza amejuaje, naye akaniomba kwanza niketi, kisha akaniomba niendelee kusema chochote. Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza amefumba macho. Halafu akaniambia habari ya kile kitenzi, kwa sababu alitaka nielewe vizuri, ni mwalimu.

Alisema Kiingereza kina vitenzi kadhaa vya kuiga na watu huvichanganya. Kipo cha kumfuata mtu unayemheshimu ili ufike alipofika. Kipo cha kumwigiza mtu ili watu wacheke. Hiki cha sokwe ni cha dharau: ni kuiga juu juu, vibaya, bila kuelewa unachoiga, kama mtu anayevaa miwani asome bila kujua herufi. Mdogo wangu alipoambiwa hivyo alinyoosha mkono, akasema basi amejipachika jina baya kiwanda kizima, na sasa halifutiki.

“Nikawaambia kila mmoja atunge sentensi,” akasema mwalimu. “Wengi walitunga juu ya watoto na wazazi. Yeye alisimama, akasema anaweza kuwafanya watu wote anaowajua isipokuwa dada yake. Nikamwambia haiwezekani, mtu kama wewe. Nikamuuliza kwani dada ana ugumu gani.”

“Akasemaje?”

“Alisema, ‘Nikimfanya dada, mwalimu, hakuna anayecheka. Wanadhani naongea tu.’”

Mwalimu alivua ile miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akaona haikumfaa.

“Nikamwambia hapo si kuiga tena. Hapo umemchukua dada yako. Kiingereza nacho kinasema karibu hivyohivyo, ‘take off’, kumchukua mtu ni kumwigiza.” Akavaa tena ile miwani ya kwanza. “Ukipiga hodi tena siku nyingine, mama, tafadhali tanguliza kikohozi.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilijaribu kusema neno moja moja, polepole, nijisikie. Maji. Ngoja. Nakuja. Mtu aliyekuwa akiuza vocha aliniuliza nahitaji ngapi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake.

“Umeipata?” akauliza.

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye, nikaanza kumweleza. Nilianzia kwa mlinzi na kispika chake, nikaja kwa shuka iliyoanguka, nikaja kwa msimamizi aliyejisokwea mwenyewe akafeli, nikaja kwa mwalimu na vitenzi vyake na miwani yake. Nikamweleza maana ya sokwe, na kwamba ni kwa mtu anayeiga vibaya. Sikujua nimesema kwa muda gani, ila koo lilikauka na jua lilikuwa limehama kutoka magotini kwake mpaka kwenye cherehani. Mama alicheka pale kwa msimamizi. Pale kwa sentensi ya mdogo wangu hakucheka. Aliniwekea mkono kwenye taya, kama anayepima kitu kinachotembea chini ya ngozi.

“Basi,” akasema nilipomaliza. “Ndiyo hiyo.”

“Ulikuwa unajua, mama?”

“Mimi nilikuwa nikirudi kutoka zamuni nasimama nje ya mlango. Nasikia mtoto mmoja anaongea na kujijibu. Mpaka niingie ndipo nijue ni wawili.”

“Sasa kwa nini usiniambie? Nimezunguka mji mzima.”

“Ningekuambia useme, ungesema ndiyo,” akasema mama. “Au hapana. Tangu tumzike nyumba hii ina cherehani tu.”

Nikanyanyuka kuteleka chai. Akaniita kabla sijafika jikoni.

“Hebu nifanyie yule msimamizi.”

Nikamwambia sijui kuigiza, mama, hilo lilikuwa lake. Akasema nijaribu. Nikakunja mikono mbele, nikatazama viatu vyangu, nikakaza sauti, nikatangaza kwamba kila mtu aache alichoshika, akapumzike kidogo.

Mama alifikiri.

“Hapo,” akasema, “umesokwea.”