Wakwe Wawili Magofuni

Safari ilikuwa ya mke na mume. Mke alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia. Kutwa aliinama juu ya meza akichonga nta kwa kisu chembamba, na shingo yake ilikuwa imekakamaa. Mwenzake wa karakana ndiye aliyemtajia kundi la yoga lililokuwa likipanda mlima kila mwaka hadi kwenye magofu ya kale, likafanya mazoezi kwenye kuta za mawe na kulala katika nyumba ya wageni chini yake. Akaandikisha watu wawili. Sababu ya pili hakumwambia mumewe: alitaka kutoka katika nyumba yake mwenyewe.

Nyumbani alikuwamo mama mkwe. Baba mkwe alipofariki, mwanawe wa pekee alikwenda kumchukua mama na masanduku yake mawili, akampa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Hapakuwa na ugomvi. Mama mkwe hakuwa na ulimi mkali wala hakufunua sufuria za watu. Alikaa sebuleni, amevaa vizuri, mikono mapajani. Mkwewe akirudi kazini alimkuta pale pale, akamwamkia, akaulizwa habari za kazi, akajibu kuwa ni nzuri. Kisha wote wawili walitazama televisheni ambayo hakuna aliyeichagua.

Mume alikuwa fundi wa lifti. Siku moja kabla ya safari lifti za hospitali ziligoma, naye akaambiwa asitoke mjini. Nafasi ilikuwa imeshalipiwa. Mezani akasema, nusu utani, kwamba mama angeweza kwenda badala yake. Mkewe alicheka kidogo, kwa adabu. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza kama huko juu kuna baridi, kisha akaenda kutafuta sweta.

Alikuwa ameuza viatu dukani karibu maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo walipofika alianza kuwatazama wenzake miguuni, na ndipo akapandisha macho kwenye nyuso. Mwalimu wa yoga alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini sana. Watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Jioni hiyo alitandikisha mikeka ukumbini, akawaambia walale chali na waache mawazo yapite bila kuyashika. Mama mkwe hakushika hata moja. Alilala fofofo, akakoroma. Kinyozi mmoja mstaafu aliyelala mkeka wa pili alitaka kumtikisa, lakini mwalimu akamzuia.

Mkwewe alikuwa hajawahi kumwona akiwa amelala. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na jicho la kazi halina adabu: aliona meno ya juu hayakukaa vizuri kwenye ufizi, kazi ya mtu aliyefanya haraka. Akageuza uso, kwa kuwa si jambo la kumwambia mama mkwe.

Asubuhi walipanda. Njia ilikuwa ngazi za mawe, nyembamba, zilizolainishwa na miguu ya watu wengi. Mama mkwe alipanda polepole bila kusimama. Mbele yake mtengeneza meno aligeuka kila mara kumnyooshea mkono ambao haukuombwa, na katika kugeuka huko akakanyaga jiwe lililolegea. Kifundo cha mguu kikateguka. Kiongozi wa msafara alimfunga bendeji, akasema watu wengine wataendelea hadi ukuta wa juu, kisha watawapitia wakirudi. Wawili hao wakaachwa katika chumba cha mawe kisicho na paa, chenye benchi la mawe kandokando ya ukuta mmoja.

Mama mkwe alipiga goti, akamlegezea kamba za kiatu.

"Ulinigeukia ya nini?"

"Niliogopa utaanguka, mama."

"Sasa kaanguka nani?"

Mama mkwe akainuka, akazunguka chumba akigusa kuta, akachungulia kidirisha kilichoelekea bondeni. Alipokaa alisema chumba kama hiki kingemtosha, bora tu kiwe na paa. Mkwewe akatabasamu, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nyuma ya duka alilokuwa akiuza viatu palikuwa na chumba, na aliyekuwa mwenzake, ambaye sasa duka ni lake, alikuwa amemwambia kwamba chumba kipo na kazi ipo, hata ya nusu siku. Alikuwa na neno hilo kifuani tangu mvua zilizopita. Nyumbani asingeweza kulisema. Mwanawe angedhani amefukuzwa, na wa kulaumiwa angekuwa mke.

Mtengeneza meno alianza kusema kile anachopaswa kusema mkwe: kwamba nyumba ni yake, na hakuna aliyemchoka. Mama mkwe alimwacha amalize.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nina miaka minne kwenu, hata kijiko hamjanipa nioshe."

"Niliona ndiyo heshima, mama."

"Najua. Ndiyo maana nikanyamaza. Lakini heshima nayo inachosha, mwanangu."

Mtengeneza meno alitazama mguu wake uliovimba.

"Hata mimi nimechoka," alisema.

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia wateja walipokubali hatimaye kwamba kiatu kinabana. Hakuonekana kuumia. Baada ya muda mkwewe akauliza kama meno ya juu yanamsumbua. Mama mkwe akajibu kwamba yanamsumbua wakati wa kula, na kwamba alikuwa akingoja aulizwe, maana mtu haendi kumsumbua mwenye kazi yake.

Kundi liliporudi, kiongozi na kinyozi walimbeba majeruhi kwa zamu. Mwalimu aliuliza kwa ile sauti yake kama waliweza kufanya zoezi lolote.

"Tumepumua," alisema mama mkwe.

Nyumbani ni yeye aliyemwambia mwanawe habari za chumba cha dukani. Fundi lifti aliweka kijiko chini, akamtazama mkewe, sio mama. Aliuliza wazo limetoka kwa nani. Mama akasema ni lake. Hakumwamini. Moyoni alikuwa na hakika kwamba mama yake alibanwa huko mlimani, mahali asipoweza kumwita mtu. Aliyabeba masanduku mawili hadi chumba cha nyuma ya duka, na kwa wiki kadhaa maneno yake kwa mkewe yalikuwa ya lazima tu: funguo, maji, saa ya kurudi. Mkewe hakujitetea. Jioni alipika, akala, akakaa sebuleni peke yake na televisheni imezimwa. Mara moja moja aliingia mlangoni akiwa na salamu ya mama mkwe mdomoni, akaimeza.

Siku moja fundi lifti alipitia dukani bila taarifa. Alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya mteja, kipimo cha mguu mkononi, miwani imeshuka puani, akibishana na mteja huyo kuhusu kidole gumba. Mama alimwona, akamwambia asubiri. Akakaa kwenye benchi, na watu wawili wakahudumiwa kabla yake.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe, akiwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba mama alimweka kwenye foleni, na kwamba anabishana na watu kama zamani. Kisha akauliza, kwa mara ya kwanza, kama hayo magofu yalikuwa mazuri.

"Sikuyaona," mkewe alisema, akimpa kisu na vitunguu. "Niliona chumba kimoja tu."