Usukani wa Kulia

Sauti ilianza mwezi wa Mei, siku ya kwanza tulipoteremsha katamarani yetu ziwani pale Makkum. Upepo ulikuwa mzuri, ile miili miwili ya mashua inakata maji, mimi nimekaa kwenye wavu uliotandikwa kati ya miili hiyo, mume wangu Douwe ameshika usukani. Mwendo ulipokolea tu, nikasikia mvumo, kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

"Unasikia?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

"Douwe, kuna kitu kinavuma."

"Mama, hakuna kitu. Kiko kichwani mwako hicho."

Douwe ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na kubishana naye ni kujichosha bure. Lakini hilo la kichwani lilinichoma. Mama yangu alimaliza maisha yake na mlio masikioni. Miaka sita aliacha redio ikisema usiku na mchana ili asiusikie, na alikufa redio ikisoma hali ya hewa. Mimi nami, baada ya mafua ya Januari, masikio yalinililia wiki mbili. Daktari kule mjini Sneek akaniambia mlio huo unaweza kurudi, na ukirudi huenda usiondoke. Kwa hiyo nilikuwa na swali moja tu: kinavuma ndani ya mashua, au ndani yangu?

Ningeweza kumwuliza Wiebe, jirani yetu pale ufukweni, ambaye hukagua mashua za watu bila kuombwa. Sikumwuliza. Wiebe naye angesema hasikii, ningemkimbilia nani?

Nilifanya kazi miaka thelathini katika maabara ya kiwanda cha maziwa, na siamini kitu mpaka nikipime. Nikaanza kuchunguza kimyakimya. Mwendo ukipungua, mvumo unazima. Mwendo ukizidi, sauti inapanda. Nikafurahi, maana kichwa cha mtu kinajuaje kasi ya mashua? Douwe akaniharibia furaha yangu.

"Tukienda kasi unasisimka," akasema. "Damu inakimbilia masikioni."

Nikalala na hilo siku tatu nzima.

Jumamosi nikaja na wazo. Katamarani ina sukani mbili, mmoja nyuma ya kila mwili, na kila mmoja unaweza kuinuliwa kutoka majini kwa kamba. Kwanza niliinua mmoja mmoja mwenyewe: wa kulia ukitoka majini mvumo unazima, wa kushoto ukitoka hauzimi. Lakini macho huweza kuyadanganya masikio, kwa hiyo nikalala kifudifudi kwenye wavu, uso nimemgeuzia Douwe, nikajifunga macho kwa skafu.

"Inua mmoja," nikamwambia. "Usiseme upi. Nitasema mimi. Na kila mara shika kamba zote mbili, nisije nikajua kwa mlio wa kamba."

"Watu wanatuona, Hiske."

"Waone! Vuta, bwana."

Mvumo ukakatika. "Umeinua wa kulia," nikasema. Ukarudi. "Sasa wa kushoto." Ukaendelea. "Bado wa kushoto, mjanja wee." Tukafanya mara nane, na mara zote nane nikapatia. Nikavua skafu nikicheka peke yangu. Ni mashua! Ni usukani wa kulia! Mimi mzima!

Douwe hakucheka. Alikuwa anautazama ule usukani.

"Uma hapa," nikamwambia, nikimwonyesha bomba la kushikia usukani. Mimi nilishajaribu: ukiliuma, mvumo unapita kwenye meno mpaka ndani ya fuvu. Nilitaka tu akubali kwamba mkewe ana akili.

Akainama, akauma. Akakaa hivyo muda mrefu, macho yamemtoka, na mashua ikaanza kujiendea.

"Ndio huu?" akauliza.

"Ndio huo."

"Tangu Mei?"

"Tangu Mei, bwana wee."

Wiebe alitufikia ufukweni kabla hata hatujashusha tanga. Nikamweleza ule mvumo wa tangu Mei. Akapitisha kidole ukingo wa nyuma wa usukani wa kushoto, halafu wa kulia, akasimama hapo hapo.

"Nani ameuviringisha huu?"

"Mimi," Douwe akasema. Vuli iliyopita uligonga jiwe ukameguka. Aliuziba kwa faiba, kisha, kwa ule usafi wake uliopitiliza, akausugua kwa msasa wakati wote wa baridi mpaka ukingo ukawa mviringo, laini kama mgongo wa kijiko.

"Mzee, ulikuwa unautengeneza au unaubembeleza?" Wiebe akasema. "Nyuma panatakiwa kona kali. Maji yakikuta mviringo hayana pa kuachia. Yanaachia huku, yanaachia kule, usukani unatetemeka. Na wewe umeendesha kinanda mwezi mzima, hukusikia?"

Douwe alikuwa ameshainamia sanduku, anatafuta tupa.

Aliukata ukingo kwa mshazari mwenyewe, polepole, mpaka kona ikakwaruza ukucha. Tukanywa kahawa na biskuti moja kila mtu, Wiebe naye moja, kopo likafungwa, kama ilivyo desturi ya kwetu. Tukarudi majini.

Tulikwenda kasi kuliko siku zote, na hakukuwa na mvumo. Nikataka kuimba.

"Sasa unasikia nini?" Douwe akauliza.

"Maji chini ya wavu. Kamba inagonga mlingoti. Shakwe. Wiebe anamfokea mtu kule."

Akalegeza kamba ya tanga. "Mimi sisikii hata kimoja."

Nikamgeukia. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Niliogopa. Nilijua hutakubali kupanda mashua na mtu asiyesikia ukimwambia geuza."

"Ukaniacha niamini nina ugonjwa wa mama yangu?"

Hiyo aliisoma midomoni mwangu. "Ndiyo," akasema.

Nilikasirika. Nikampiga ngumi ya bega, nikampiga ya pili, kisha nikaanza kulia, na nilipochoka kulia nikaona nimelishika lile bega nililolipiga. Naye alikuwa analia, bila kuuachia usukani.

"Jumatatu saa nne, Sneek, kwa daktari," nikamwambia. "Na sitaki kusikia neno."

"Sema tena," akasema, akanigeuzia sikio la kushoto. "Hili lina nafuu."

Nikasogea mpaka karibu na sikio lile, nikarudia kwa sauti kubwa, na Wiebe kule mbali akageuka kutuangalia.