Leso Isiyochanwa

Siku hizi maziwa ya ngamia yanaingia Isiolo ndani ya mitungi ya chuma yenye namba zilizopakwa rangi. Mtungi namba kumi na saba unarudi kwa mwenye namba kumi na saba, basi. Watu wa afya wanasema ni safi zaidi, na ni kweli. Lakini huwezi kuisoma.

Ile ya zamani tuliisoma. Ilikuwa ya plastiki, ya manjano, iliyoanza maisha yake ikibeba mafuta ya kupikia. Mama mwenye ngamia kule Burat au Oldonyiro alimpa dereva wa pikapu mtungi wake alfajiri, na mara nyingi hakuwahi kumwona kwa macho mwanamke aliyemuuzia maziwa hayo mjini. Ili mtungi urudi kwake jioni na usipotelee kwa jirani, alifunga kitambaa kwenye mkono wa mtungi. Mmoja alifunga kipande cha pazia, mwingine ukosi wa shati la shule. Kitambaa ndicho kilikuwa jina.

Bibi yangu Ardo aliyajua majina yote hayo. Sisi tulimwita Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, na mji mzima nao ukamwita hivyo. Aliuza maziwa katika banda la mabati nyuma ya soko kwa miaka thelathini na moja. Alipenda kusema kwamba Mwingereza alileta babu zetu Wasomali hapa kama askari wake, na bunduki, akaondoka na bunduki yake, akatuacha bila hata ngamia mmoja. "Ndiyo maana nauza maziwa ya ngamia wa watu," alisema, na kila mara alicheka kana kwamba anausema mzaha huo kwa mara ya kwanza.

Nikifumba macho bado nalisikia banda lile. Vifuniko vikifunguliwa, wanawake wakibishana kwa Kiborana na Kisomali na Kiswahili chetu cha hapa, mizinga ya mazoezi ikilia mbali upande wa kambi ya jeshi. Na moshi. Mitungi ilifukizwa kwa moshi wa kuni maalumu, na harufu hiyo iliingia katika sare yangu ya shule hata wenzangu wakaniita Maziwa. Sikujali. Leo ningetoa kitu kikubwa niitwe hivyo tena.

Mwaka wa 2013, uchaguzi wa kwanza wa ugatuzi, nilikuwa na miaka kumi na minne. Wagombea ubunge walikuwa wamegawa leso kila kijiji, kila mmoja na rangi yake. Asubuhi moja kabla ya shule, Ayeeyo alipanga mitungi mbele yangu.

"Ile ya Kinna weka kando," alisema. "Kinna wana mbunge wao huko kusini. Hii iliyobaki, unaona rangi gani?"

"Kahawia," nikasema. "Kahawia kila mahali. Huyu wa kahawia ameshashinda."

Ayeeyo alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe ukipewa leso mbili, moja ya mtu unayempenda na moja ya mtu ambaye humjali, utachana gani ufunge mtungi?"

"Ya mtu nisiyemjali."

"Na ile nyingine?"

"Nitaivaa."

"Haya. Sasa angalia tena."

Niliangalia tena. Kulikuwa na mgombea mmoja ambaye leso yake haikuonekana kwenye mtungi hata mmoja, ilhali tulijua amegawa nyingi kama wenzake. Zilikuwa migongoni mwa watoto na mabegani mwa mama zao. Wiki ile wanaume walipouliza, kama walivyouliza kila uchaguzi, "Ardo amesema nani?", alimtaja huyo. Wakamcheka. Akashinda.

Mwaka wa 2017 alifanya vilevile, na safari hiyo hawakucheka. Wengi waliamini ana dua fulani. Wengine, akiwemo mwanawe Hashi, waliamini anahesabu vitambaa tu na kumtaja mwenye vingi, na kwamba mwaka wa 2013 vitambaa vya mshindi vilikuwa vimefichwa mahali. Ayeeyo hakumsahihisha mtu.

"Wakijua," aliniambia, "wanaume watakuja kufunga vitambaa wenyewe. Ukinyamaza, utasoma. Lakini mtu wako akiwa anatumbukia shimoni, huyo mwambie. Mwambie yeye kwanza."

Alifariki mwaka wa 2019, mvua ilipokuwa imekawia. Banda likabaki kwa Tiya, mke wa Hashi.

Hashi ni abti yangu, kaka wa mama. Mama aliolewa tena Moyale nikiwa mdogo, na Hashi ndiye aliyenilea. Ana malori mawili ya kupeleka mifugo Nairobi. Kusoma nilifundishwa naye, kwa maandishi ya nyuma ya malori ya watu, tukiwa tumekaa barabarani kwenye viti vya plastiki. Nikikosea neno, alinirudisha mwanzo wa lori. Nililala kwa Ayeeyo, lakini kila Ijumaa nilikula kwa Hashi. Tangu nikiwa na miaka sita sikukosa Ijumaa hata moja isipokuwa nilipokuwa chuoni, na hata huko alinitumia nyanya na mchele, eti wa Nairobi hauna ladha.

Mwaka wa 2022 Hashi aligombea ubunge dhidi ya Dabaso na wengine. Rangi yake ilikuwa zambarau. Mimi nilikuwa nimerudi na diploma yangu ya uandishi wa habari, nikitangaza kipindi cha asubuhi katika redio ndogo ya hapa mjini.

Wiki tatu kabla ya kura alikuja bandani, kofia ya kampeni kichwani, akaanza kuhesabu. Aliigusa mitungi mmoja mmoja kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni.

"Saadia, umeona?"

"Nimeona, abti."

"Zambarau arobaini na tatu. Kati ya sitini. Walahi mama angekuwa hai angeniita mheshimiwa sasa hivi." Akainua mtungi mmoja wa Burat. "Na huu ni wa nani? Wa mama mkwe. Hata mama mkwe amenifunga kwa mkono wake."

Tiya alikuwa ameinama kwenye beseni akisugua kifuniko. Hakuinua kichwa. Nilimwona anasugua kifuniko kilichokwisha kutakata.

Nilimvuta abti mpaka kando ya lori lake.

"Ayeeyo hakuwa akisoma leso zilizofungwa," nikamwambia. "Alisoma zile ambazo hazikufungwa."

"Nani amekuambia?"

"Yeye."

"Mimi nimebeba mitungi hiyo kabla mama yako hajajua kusuka nywele."

"Uliibeba, abti. Hukuiosha. Umeona leso ya Dabaso hapo?"

"Hata moja." Alitabasamu kwa huruma. "Maskini, hana mtu."

"Aligawa nyingi kuliko wewe. Ziko wapi?"

Nilimwona anafikiri. Kwa muda mfupi nilidhani imeingia. Kisha akanipigapiga bega.

"Umesoma sana, mtoto wangu. Sasa umeanza kusoma hata kisichoandikwa."

"Bado una wiki tatu. Nenda Burat. Nenda Oldonyiro, kaa na akina mama, kunywa chai yao. Usiseme kitu, kaa tu."

"Niende kukaa mahali nimeshashinda?"

Akapanda lori. Nyuma yake, kwa herufi kubwa za zambarau, alikuwa ameandikisha MHESHIMIWA.

Hakwenda. Kisha Mureithi, meneja wetu redioni, aliniita ofisini siku tano kabla ya kura. Mureithi ni mtu wa Nyeri, amekaa Isiolo miaka ishirini na bado analalamika juu ya joto kama aliyefika jana.

"Kila redio imetabiri," alisema. "Bibi yako alikuwa ndiye redio ya mji huu. Wewe umerithi, ama uliachiwa mitungi mitupu?"

"Nimerithi."

"Basi kesho utabiri. Ama unaogopa kukosa wali wa Ijumaa?"

"Naogopa," nikasema.

Akaacha kucheka. "Unaweza kukataa, Saadia."

Ningeweza. Nilienda nyumbani nikalifikiria. Ningesema afya ya koo si nzuri. Ningesema mambo ni nusu kwa nusu, kama wanavyosema watu wanaotaka kualikwa pande zote. Lakini wasikilizaji walikuwa wakipiga simu na kuuliza jambo moja, kwa maneno yaleyale yaliyoulizwa bandani miaka yote ile: Ardo angesema nani? Ningewezaje kumtia mdomoni uongo mwanamke ambaye hawezi tena kujibu?

Asubuhi nilisalimia, assalamu aleikum kwa hawa na habari ya asubuhi kwa wale, kisha nikasema: "Dabaso atashinda. Hashi, abti yangu aliyenilea, atakuwa wa pili, na si kwa karibu." Sikueleza nimejuaje. Siri haikuwa yangu kuitoa. Nikaweka muziki.

Baadaye niliambiwa kwamba katika uwanja wake wa malori redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu, watu arobaini wakinywa chai. Abti aliinuka, akaizima, akarudi kukaa. 

Dabaso alishinda. Hashi akawa wa pili, na haikuwa kwa karibu.

Ijumaa iliyofuata nilienda kama kawaida. Viatu vya wageni vilikuwa mlangoni. Ndani alikuwepo Salad, binamu yake abti na mkuu wa kampeni yake, na sinia ya wali ilikuwa katikati, imefunikwa.

"Aleikum salaam," Salad aliitikia. "Mtabiri amefika. Angalia kama kuna nyama kwenye huo wali, bila kufunua."

"Kuna ya mbuzi," nikasema. "Naisikia harufu."

"Harufu ya kura zetu uliisikia pia? Ulituvunjia watu, Saadia. Mtu akisikia damu yake mwenyewe inasema atashindwa, nani atampigia?"

"Siku nne haziwezi kuleta pengo la kura elfu sita."

"Basi hivi," Salad akasema. "Jumatatu, redioni, utaomba msamaha. Utasema ulikosea kusema. Maneno mawili tu. Halafu tule, mambo yaishe."

Abti alikuwa anaitazama sinia. Ndevu zake zilikuwa zimeota mvi ambazo sikuwa nimeziona kabla ya kampeni. Aliuliza polepole, si kwangu bali kwa Tiya aliyesimama mlangoni na maji ya kunawa.

"Mama yako alinipigia kura?"

"Siku ya kura alivaa ya Dabaso," Tiya alisema.

"Lakini mtungi wake..."

"Mtungi ulifungwa kwa yako. Hashi, umeenda kwake mara ngapi tangu harusi? Dabaso alikaa kwake kutwa nzima, akamsaidia kufukuza fisi. Wewe leso ulimpa dereva wa pikapu ampelekee, pamoja na mtungi mtupu."

Hapo nilimwona akielewa. Hakuelewa kura tu. Alielewa kila asubuhi ya utoto wake bandani, alipobeba mitungi na kuondoka kabla haijaoshwa, akidhani kazi ya mama yake ni kuhesabu. Niliona amemkosa mama yake upya, na nikatamani kumsogelea.

"Mama angeyasema hayo redioni?" akaniuliza.

"Angekuambia wewe kwanza."

"Hm."

"Na mimi nilikuambia wewe kwanza."

Alifunga macho kidogo. "Najua," akasema. "Lakini watu wanaongea, Saadia. Nikikusamehe bila wewe kuomba, nitaonekana sina amri nyumbani kwangu. Omba tu. Nifanyie hilo, tule."

Nilitazama sinia ile. Najua ladha ya wali wa Tiya kuliko ninavyojua jina la kijiji alichozaliwa babu yangu. Ningeomba msamaha kwa kuchelewa, kwa sauti kubwa, kwa mambo mia.

"Sitaomba, abti."

Salad alifunua sinia akaanza kula peke yake. Mimi nilivaa viatu.

Imepita miaka miwili. Mitungi ya chuma ilikuja mwaka uliofuata, na ndiyo sababu naweza kuandika siri hii sasa: hakuna tena cha kuharibu. Tiya huniletea maziwa redioni, siku nyingine na wali kwenye kopo, na mimi simwulizi kama abti anajua. Nikipita kando ya uwanja wa malori, naona lile neno MHESHIMIWA limepakwa rangi nyeupe, ila jua likiwa upande fulani bado linasomeka.

Akisoma hapa, na najua atasoma maana ndiye aliyenifundisha, kuna jambo moja hakuwahi kuniuliza. Alinipa leso ya zambarau kama alivyowapa wengine. Sikuichana. Asubuhi ya kura niliifunga kiunoni, nikasimama kwenye foleni kwa muda wa saa tatu, nikampigia yeye, nikijua atashindwa. Ipo sandukuni, nzima, karibu na vitu vya Ayeeyo.

Ijumaa akiniita nitakwenda, nikiwa nimeivaa. Lakini kwa nililosema redioni asubuhi ile siombi msamaha.