Pini za Mama Kimya

Kiroboto tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa hatulii. Umemweka hapa, ukigeuka yuko juu ya ukuta. Tulikuwa marafiki tangu hatuna meno ya mbele, na nyumba zetu zilipakana, hata mama yake akimfokea, mimi chumbani kwetu nainamisha kichwa.

Na mama yake alikuwa ameshaapa: "Gauni jingine likichanika, unakwenda kuishi kwa shangazi yako. Ukamchanie yeye!"

Shangazi alikaa mbali, safari ya kulala njiani. Kiroboto akienda huko, mimi ningebaki na nani? Na wadogo zangu, ambao mchezo wao ulikuwa kulia.

Basi mchana tukitoka shule tukaruka seng'enge. Mimi nikapita, Kiroboto akapita, gauni likabaki nyuma likifikiri. Likapasuka toka kiunoni hadi kwenye pindo.

"Nimekufa," akasema.

"Hujafa. Umehama tu."

Akanifinya.

Mtu wa kutuokoa alikuwa mmoja, nasi tulimwogopa kuliko huyo shangazi. Mama Kimya, fundi cherehani wa pale kona. Hakuna mtoto aliyewahi kusikia sauti yake. Kutwa mdomo wake ulijaa pini, vichwa vyake vikichungulia nje kama meno ya samaki. Wengine walisema hana ulimi. Kiroboto alishikilia kwamba zile pini anazila, ndiyo maana hanenepi.

Tukaingia tumeshikana mikono. "Shikamoo, mama." Akaitikia kwa nyusi. Akalitazama gauni, akamvua Kiroboto, akamwacha na shimizi. Nikajua sasa atakaa kwenye cherehani. Wapi! Akatupatia sindano na uzi, akatuonyesha stuli kwa kidole.

Kiroboto akawa anatia uzi, mimi nashona. Nikikosea, Mama Kimya anakuja na ncha ya mkasi, anafumua, anaondoka zake. Hagombi, hasonyi. Anafumua tu. Shuleni nilikaa miaka michache, lakini hakuna mwalimu mwenye maneno aliyenifundisha kama yule asiyesema. Jua lilipogeuka, mshono wangu ukaanza kunyooka. Nikalilaza gauni mapajani, nikashona kama mtu mzima, mdomo nimeubana kama wake.

Mara nje tukasikia: "Hodi, fundi! Hujawaona wale watundu wawili?"

Mama yake Kiroboto! Kiroboto akanyakua gauni, akatumbukiza kichwa, mbio nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Na mimi nyuma yake, wala si kwa kupenda. Sketi yangu ilikuwa inamfuata! Kumbe nilikuwa nimelishonea gauni lake kwenye sketi yangu, goti hadi goti, mshono wa kupendeza. Tukajikwaa, tukaanguka na pazia la watu, miguuni pa mama yake.

"Nini tena hii?"

"Halijachanika, mama," Kiroboto akasema ndani ya pazia. "Limeongezeka."

Mama akavuta gauni, nikaja. Akavuta tena, nikaja zaidi.

"Kesho!" akasema. "Kesho mtu yuko njiani kwa shangazi yake!"

Hapo Mama Kimya akaanza kutoa pini mdomoni. Moja moja, anazichoma kwenye kimto chake. Sisi macho yote mdomoni, tuone kama ulimi upo.

Ulikuwepo.

"Wewe! Mtoto unamfukuza kwa ajili ya gauni? Wewe uliyekaa stuli hiyo hiyo, ukajishona na rafiki yako, huyo huyo unayemwita wifi leo? Si mlitoka hapa mmeungana kama ng'ombe wa jembe? Na aliyekuja na mkasi kuwatenganisha ni nani? Kaka mtu! Na alivyochelewa kuutumia huo mkasi, tobaa! Mara auangushe, mara aulize jina lako, mara..."

"Mama, watoto hawa wanasikia!"

"Ndiyo maana naweka pini, mwanangu. Nikianza, breki sina. Niendelee?"

"Rudisha pini, mama! Nakuomba, rudisha!"

"Na shangazi?"

Mama akatutazama pale chini. Nikaona mdomo unamchezacheza. "Aende huko afanye nini?" akasema. "Atakuwa anakuja hapa kila mchana mpaka ajue kushona. Na huyu mkia wake aje naye."

Mama Kimya akarudisha pini, akatupatia mkasi: fumueni wenyewe. Tukafumua taratibu, haraka ya nini? Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Kiroboto naye angekuwa nayo angenyamaza, lakini Kiroboto ni Kiroboto.

"Mama," akasema, "huo mkasi baba aliuangusha mara ngapi?"

Mama akainama kuvua kandambili. Tukatoka mbio. Nyuzi za mwisho zilikuwa bado hazijafumuliwa, kwa hiyo tulikimbia pamoja.