Chambo Kisichotiwa Macho

Mzee Breki alikuwa na magonjwa mawili: gari la shule na bwawa. Gari aliliendesha Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mwendo uliowafanya waendesha baiskeli wampite huku wakimpungia mkono, na ndiko alikolipata hilo jina. Bwawani alikwenda Jumapili. Jumamosi sasa, jamani, nyumba nzima iligeuka karakana, maana chambo cha dukani alikidharau. "Siwezi kumdanganya samaki kwa uongo wa mtu mwingine," alisema.

Aliyeulipia uongo huo ni mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Mipini ya mifagio yake ilikatwa vipande vya urefu wa kidole. Breki alivichonga kwa kisu hadi vikawa visamaki, akavisugua kwa msasa, akavitoboa tumboni na kuvitia kipande cha risasi, ile metali nzito, ili visilale ubavu majini. Chini ya mdomo alivitia ulimi, yaani kibati kilichokatwa kwenye kopo la soda, maana ulimi ndio unaokifanya chambo kitikisike kikivutwa. Rangi je? Rangi ya kucha ya mke wake, na bila kuomba. Mwisho kabisa macho: nukta nyeusi kwa kichwa cha msumari, moja kila upande. "Samaki mkubwa hulenga jicho," alipenda kusema. "Asipoliona, haumi."

Jumamosi hiyo vyambo vipya vilikuwa vinakauka kwenye kamba ya nguo. Mama Vifungo akakisogeza kimoja apate pa kuanika shuka, kikageuka, naye akaangua kicheko. Kilikuwa na macho mawili upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Cha jirani yake kilikuwa na jicho mkiani.

"Mzee! Huyu anakwenda mbele au anarudi nyuma?"

"Yupi?"

"Huyu mwenye jicho makalioni."

Breki alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kisu mkononi. Hakucheka. "Ni mtindo mpya," akasema. "Samaki wa pale wameshavizoea vya kila siku." Akainama, akaendelea kuchonga.

Kicheko kikamkauka Mama Vifungo. Mtu wa utani akiacha kucheka, ujue kuna jambo. Akakumbuka juzijuzi Breki alivyoingia chumba cha kushonea akaamkia gauni lililovishwa sanamu: "Karibu, dada, umesubiri sana?" Walicheka hadi machozi, yeye na wateja wake, na Breki mwenyewe akacheka kuliko wote. Akakumbuka chai iliyomiminwa nje ya kikombe, lawama kikatupiwa kikombe. Alipotajiwa hospitali ya macho, mzee alikuja juu: "Nani kakwambia mimi kipofu?" Na mtu huyohuyo kila asubuhi alishika usukani, watoto wa watu wamejaa nyuma yake, na kwenye kiti cha kwanza mjukuu wao wa kike na begi lake.

Amwulize tena? Angekana tu. Breki aliweza kukana mvua huku ameloa chapachapa.

Basi akaingia ndani, akachukua kipande cha mpini kilichobaki, akakichonga mwenyewe. Ukiolewa na mvuvi utajifunza, upende usipende. Akakitia risasi, akakitia ulimi wa bati, akakipaka rangi nyekundu. Macho hakukitia. Kilipokauka alikipeleka pale kwenye ngazi pamoja na chai.

"Nimejaribu na mimi. Nikosoe."

Breki alifurahi, uso wote ukamkunjuka. Akakishika kwa ncha za vidole, akakipapasa tumbo, akakipima kiganjani. "Risasi umeiweka mbele mno, kitazama kichwakichwa. Ulimi umepinda kulia, kidogo tu. Ila msasa umepiga, hapo sina neno."

"Na macho?"

Akakisogeza karibu na uso. Akakigeuza huku, akakigeuza kule.

"Macho umeyapatia," akasema. "Yaani kama kinanitazama."

"Sijakitia macho, baba."

Alidhani atafoka. Hakufoka. Alikilaza chambo kwenye goti, akakifunika kwa mkono.

"Alhamisi," akasema, "niliona mfuko barabarani, pale karibu na soko. Mfuko mweusi, nikadhani umeangushwa na upepo. Nikasema nitapita juu yake tu. Mjukuu wako akapiga kelele, 'Babu, mtu huyo!' Nikakanyaga breki. Mfuko ukainuka, mke wangu. Ukaokota nyanya zake, ukanitukana, ukavuka. Watoto walicheka. Na mimi nikacheka."

"Na jana ukaendesha tena."

"Nikaendesha."

"Ungeua mtu, wewe! Ungemuua hata mjukuu wetu!" Alimpiga begani kwa ngumi, kisha akakaa kando yake.

"Mpigie mwalimu mkuu," Breki akasema mwishowe. "Mwambie naumwa."

"Simpigii. Mpigie mwenyewe, na usimwambie unaumwa. Mwambie huoni."

Alichomsaidia ni kumbonyezea namba tu. Breki akakohoa, akaweka simu sikioni. "Mwalimu, ni Breki. Funguo za gari utaletewa leo hii... Hapana, gari ni zima. Ni macho. Sioni." Upande wa pili aliulizwa kitu. "Nilitakiwa kukwambia zamani," akasema. "Nisamehe."

Alipokata simu alijipapasa mfukoni, akazitoa funguo, akazitia kiganjani mwa mkewe. Akavikunja vidole vya mkewe juu ya funguo hizo.

"Kesho bwawani utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Keshokutwa hospitali, na uthubutu kubisha."

"Sibishi. Haya, basi, kitie macho hicho. Hivyo kilivyo hakitapata kitu."

Mama Vifungo alileta rangi nyeusi na msumari. Akainama, lakini machozi yalikuwa yamemjaa, na nukta ikaangukia shavuni mwa samaki.

"Jicho limekaa sawa?" Breki akauliza.

"Limekwenda upande."

"Liache," akasema Breki, ambaye alikuwa anamsikia anavyovuta kamasi. "Kesho wavuvi wenzangu wakiuliza, sema nimelitia mimi."