Mnara Unaoinama

Kwa miaka mia moja, saa ya mnara wa kanisa lile haijakosea hata dakika moja. Haina mshale wa dakika. Ilikuja na meli katika masanduku matano, yakafika manne, na kilichokuwemo katika la tano hakuna aliyekitia machoni. Mshale wa saa ulitosha. Watu walikwenda misani kwa kukadiria, na Mungu hakulalamika.

Saa hiyo hutiwa ufunguo kila Jumapili baada ya misa. Mtunzaji wake kwa miaka arobaini ni Mzee Majira, ndivyo linavyosema daftari la parokia. Lakini Mzee Majira akisimama juu ya kigoda tu, kichwa humzunguka. Aliyepanda vidato themanini na saba, ufunguo mzito kama mchi begani, alikuwa mkewe. Waliingia wawili, mlango ukafungwa. Mzee akakaa chini akijipaka grisi viganjani, na walipotoka majirani walimpa pole mwenye grisi. Mkewe alimpenda hivyo hivyo. Wanaume wa wenzake walikunywa. Wa kwake alijipaka grisi.

Miaka miwili iliyopita bibi alitangaza kwamba goti lake la kushoto limegoma. Jumapili iliyofuata, mnara uliinama. Uliinama polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, ukavuka ukuta wa kanisa na kuuweka uso wa saa kwenye kizingiti cha jiko lake. Bibi alifuta mikono, akatia ufunguo mizunguko thelathini, mnara ukainuka. Majirani walijifunza kuanua nguo mapema.

"Huyu Mzee Majira kiboko," walisema. "Mpaka mnara unamfuata nyumbani!"

Ilipokaribia jubilei ya miaka mia ya saa, bibi alikwenda kwa katibu wa parokia na kukiona kibao cha marumaru: *Kwa Mzee Majira, aliyeitunza saa hii peke yake.* Hilo "peke yake" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwanangu, nichomeke na mimi hapo. Hata kwa herufi za sisimizi."

"Bibi, marumaru imejaa."

"Basi futa 'peke yake', nafasi itapatikana."

Katibu alicheka, akampa kiti.

Siku yenyewe, Jumapili baada ya misa, viti vilipangwa uwanjani. Padri alimwita mzee mbele.

"Mzee wetu, hebu tuambie, vidato vya mnara ni vingapi?"

"Vingi, baba."

Watu wakacheka. Hapo mnara ukainama. Ulipita juu ya padri, aliyeshika kofia yake, ukampita Mzee Majira bila kumsalimu, ukaulaza uso wa saa mapajani mwa bibi, safu ya tatu. Bibi akatia ufunguo. Padri alisubiri amalize.

Mzee alimnyooshea bibi kidole. "Ni yeye," alisema. "Tangu mwanzo ni yeye. Mimi sijawahi kupanda hata kidato kimoja."

Uwanja mzima ukapiga makofi.

"Unyenyekevu gani huu!" akasema padri, akifuta machozi. Kibao kikapigiliwa misumari minne.

Waliondoka wawili, bibi na ufunguo begani, mzee kichwa chini.

"Nimesema kweli, mama. Hawakuitaka."

"Miaka arobaini umewadanganya wakakuamini. Umesema kweli mara moja tu, unataka wakuzoee leo leo?" Akamshika mkono, grisi na yote.

Njiani palikuwa na mtaro. Mzee alisimama kutafuta daraja. Bibi aliuruka kama mbuzi, na ufunguo wake, akatua ng'ambo bila hata kuyumba.

Mzee alimtazama.

"Na goti?"

"Goti gani?" alisema bibi. Ndipo alipouona mnara nyuma ya bega la mumewe. Ulikuwa bado haujanyooka. Ulikuwa umesimama katikati, uso wa saa umewageukia, unasikiliza.

Bibi akaanza kuchechemea mara moja. Akachechemea kwa mguu wa kulia.